Shajara ya Goede Verwachting: kiangazi kimoja kutoka Rotterdam hadi Saône

Mei 14, Rotterdam

Tishari limeshuka chelezoni jana mchana, na mpaka saa hizi ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya chombo, ni kavu. Baba Rukia, mume wangu, amelala kifudifudi juu ya mataruma, mbavu za chombo, karibu saa nzima, tochi mdomoni, akipapasa maungio kwa vidole. Alipopanda juu akanionyesha kiganja: kutu na grisi, unyevu hakuna. Basi mradi tulioupigia soga majira manne ya baridi umeanza, nami nafungua daftari.

Kwa ndugu wanaouliza kutoka Tanga na Vanga, chombo chenyewe ni hiki. Ni tjalk, aina ya tishari la Kiholanzi lenye tumbo pana na kina kidogo, lililokuwa likibeba viazi na mboji enzi za tanga. Hili liliundwa 1908, la chuma tupu, urefu mita 17.6, upana 3.9, na ndani ya maji linazama mita 1.1 tu. Tanga halipo tena. Kuna injini ya DAF 575, dizeli ya silinda sita ambayo Baba Rukia anaipenda kwa sababu kila kitu chake kinafunguka kwa spana. Jina lake maana yake ni matarajio mema. Hatukulibadilisha. Sisi wenyewe tunaliita Matarajio.

Lengo: kupanda mto Maas kupitia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, kuvuka mlima wa Vosges kwa mfereji, kisha kuteremka mto Saône hadi Saint-Jean-de-Losne kabla Agosti haijaisha. Ni kama kilomita 1,000. Tuko wawili tu, hatuchukui baharia wa kukodi.

Nahodha ni mimi. Baba Rukia ametumikia meli miaka 31, yote chini kwenye injini, ambako hakuna hata dirisha. Mie nilikuwa muuguzi. Huku Uholanzi chombo cha starehe kikizidi mita 15 hakiendeshwi bila cheti, kwa hiyo nilikaa darasani usiku baada ya zamu, nikafanya mtihani nikafaulu. Yeye kazi yake ni injini na kamba za omo, yaani za mbele. Tumeandikiana hivyo, na karatasi imebandikwa juu ya jiko.

Juni 2, Maasbracht

Siku tisa njiani. Maas ya Uholanzi ni barabara kuu ya mizigo: kokoto, makontena, mafuta. Meli ya mita 110 ikikupita, kwanza unahisi maji yanavutwa chini yako, ndipo unasikia injini yake. Kanuni ya kawaida ni kupishana kushoto kwa kushoto. Lakini meli inayopanda ikitaka upande wa pili, inanyanyua bamba la bluu lenye taa nyeupe inayomwekamweka, na inayoshuka inajibu kwa bamba lake. Sisi wadogo hatujibu, tunawapisha tu. Nimejifunza kulitafuta lile bamba kwa darubini toka mbali, na redio ya upepo iko wazi muda wote.

Leo tumepita lango kubwa kuliko yote tuliyokwisha kupita, na nataka kulieleza vizuri, kwa sababu nikisema kwa simu kwamba chombo kinapanda mlima, shangazi yangu Tanga anadhani nazungumza mafumbo.

Lango la maji, au *sluis* kama wasemavyo Waholanzi, ni chumba cha zege kilicho katikati ya mto, mlango mbele na mlango nyuma. Maji ya mbele yako juu, ya nyuma yako chini. Unaingia, wa nyuma unafungwa, kisha maji ya juu yanaachiwa kuingia kidogo kidogo kupitia matundu ya chini. Hakuna pampu. Uzito wa maji wenyewe ndio unaokunyanyua. Yakilingana na ya mbele, mlango wa mbele unafunguka nawe unaondoka. Hapa Maasbracht, kwenye mfereji wa Juliana, tumepandishwa karibu mita 12. Tulipoingia ukuta ulikuwa mweusi, una utelezi, na anga limebaki kama kipande cha kanga juu ya vichwa vyetu. Robo saa baadaye tuko juu, tunaona paa za nyumba na mwanamke anaanika nguo.

Sisi wa pwani maji yetu hujaa na kupwa kwa mwezi. Hapa maji yanajaa kwa sababu mtu aliye kwenye kioo kule juu amebonyeza kitufe.

Saa za injini: 47. Kamba moja imekwaruzika kwenye ukuta, imegeuzwa ncha.

Juni 13, Dinant

Ubelgiji tumeuvuka haraka. Lango la Ternaaien, mpakani, karibu mita 14. Liège viwanda, kelele, mawimbi yanayogonga kuta mbili na kurudi. Sikuupenda kushika usukani hapo. Baada ya Namur, mto unabadilika kabisa: majabali yanashuka hadi majini, malango yanakuwa madogo, na meli za mizigo zinapungua. Dinant ni mji uliojibana kati ya jabali na mto. Adolphe Sax alizaliwa hapa mwaka 1814, na daraja limepambwa kwa masaksafoni makubwa ya rangi. Tumenunua mkate, tumejaza maji, tumelala mapema.

Juni 17, baada ya Givet

Ufaransa. Kwenye lango la kwanza, namba 59, wametukabidhi rimoti. Hii ndiyo funguo yetu sasa. Ukiwa umbali wa mita mia tatu hivi unabonyeza, taa inageuka nyekundu na kijani pamoja, yaani chumba kinatayarishwa. Ikibaki kijani peke yake, ingia. Ndani kuna fimbo mbili wima ukutani. Ya bluu ukiinyanyua, milango inafunga na maji yanaanza. Nyekundu ni ya hatari: ukiivuta kila kitu kinasimama. Nyekundu hiyo nimemwambia Baba Rukia aiguse kwa jicho kila tunapoingia, ajue iko wapi kabla haijahitajika.

Malango 59 kwenye kilomita 272, hadi Troussey. Namba zinahesabika kurudi nyuma, na hilo linanipa raha isiyo na sababu.

Leo pia handaki letu la kwanza, Ham, mita 565. Mto unapiga kona kubwa, na wachimbaji wakaona bora watoboe jabali. Ndani ni baridi kama friji, maji yanadondoka shingoni, na ukitazama mwanga wa upande wa pili unahisi chombo kinakwenda mrama hata kama kimenyooka. Nimegundua nisitazame mwanga. Nimetazama ukuta wa kulia, kiwiko kimoja cha umbali, mpaka nje.

Juni 26, kati ya Sedan na Stenay

Siku mbaya ya injini. Tangu jana maji yamejaa majani marefu yanayoota chini na kukatwa na propela za wenzetu, yanaelea kama mwani. Saa tano asubuhi mshale wa joto ukapanda. Injini inapoozwa kwa maji yanayovutwa mtoni kupitia chujio, na chujio lilikuwa limeziba kabisa. Nikaelekeza chombo kwenye ukingo, Baba Rukia akaruka na kigingi na nyundo, tukafunga kwenye nyasi.

Chujio amelifungua, amelisafisha kwa vidole, amerudisha. Joto likapanda tena. Ndipo akafungua pampu. Ile feni ya mpira ndani yake ilikuwa imezunguka kavu, mabawa mawili kati ya sita yamekatika, na kipande kimoja hakionekani. Hapo nikaona tofauti ya fundi na mtu mwenye haraka. Feni ya akiba ilikuwepo, angeifunga tukaondoka. Lakini alisema kipande kilichopotea hakikuyeyuka, kiko mahali. Amefuata bomba kwa bomba, kona kwa kona, saa tatu nzima, mpaka akakikuta kimejibana kwenye mdomo wa kipoozeo. Kipande cha mpira kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Amekiweka kwenye kopo la chai dirishani.

Jioni tumepika wali na maharage ya nazi, nazi ya kopo. Kuanzia leo chujio linasafishwa kila saa mbili, liwe limejaa au halijajaa.

Julai 3, Verdun

Tumefunga kwenye gati la mjini, mbele ya lango la kale lenye minara miwili, katikati ya mikahawa. Watu wanakula aiskrimu hatua tano kutoka kitandani petu.

Asubuhi tumekwenda Douaumont kwa baiskeli, kilomita kama kumi za kupanda. Nilijua kuna makaburi. Sikujua ukubwa wake. Jengo refu la mifupa limehifadhi mabaki ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana majina, Wafaransa na Wajerumani pamoja, wa vita vya 1916. Ukiinama kwenye vidirisha vya chini nyuma ya jengo, unaiona.

Ng'ambo ya uwanja kuna safu za makaburi ya Waislamu, yote yameelekezwa Kibla. Ngome ya Douaumont ilipokombolewa Oktoba 24, 1916, kikosi cha Kifaransa kilichoiteka, chenye jina la Moroko, kilikuwa pamoja na wapiganaji wa Afrika Magharibi na askari wa batalioni ya Wasomali walioletwa kutoka Jibuti. Watu wa Bahari yetu ya Hindi, kwenye tope la Lorraine. Baba Rukia amesoma Fatiha kwa sauti, mikono ameiinua, na mzee mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akipita akavua kofia akasimama mpaka amemaliza. Hawakusemezana.

Tumerudi tukishuka mteremko bila kupiga pedali. Usiku huo sikuandika kitu. Haya nayaandika tarehe 4.

Julai 12, Toul

Leo tungeweza kupoteza chombo, na kosa ni letu wawili.

Tangu Rotterdam tumekuwa tukipanda. Mwezi mzima na nusu, kila lango tunaingia chini tunatokea juu. Mkono umeshazoea: kamba unazungusha kwenye nguzo, unaivuta kadiri maji yanavyopanda, unakaza. Jana tulimaliza lango namba 1 pale Troussey, tukaingia mfereji wa Marne hadi Rhine. Leo asubuhi tukapita handaki la Foug, na mara tu nje yake linakuja lango la kushuka. La kwanza la safari.

Kushuka ni kinyume chake. Kamba inatakiwa ilegee, iteleze mkononi jinsi chombo kinavyozama. Tulilijua hilo kwa maneno. Baba Rukia akazungusha kamba ya omo mara mbili kwenye nguzo ya sitaha, kama kawaida, akainua fimbo ya bluu, akageuka kunitazama nyuma kama dapra, zile kinga za ubavuni, zimekaa sawa. Nami nilikuwa nazitazama dapra hizohizo.

Kamba ikajiuma yenyewe. Mzunguko wa juu ukalalia wa chini, na tani zaidi ya ishirini za chuma zikaanza kuning'inia. Nilichohisi kwanza ni sakafu kuinama kuelekea kulia, kisha vikombe vikaanguka jikoni kimoja kimoja. Sauti ya kamba iliyokazwa kiasi hicho sijawahi kuisikia; inalia kama mlango wa zamani. Nilipiga kelele "Nyekundu!", lakini fimbo ilikuwa imeshabaki juu ya kichwa chake, ukutani, haifikiki. Akachomoa kisu kiunoni. Hakukata kwa kuburuta. Aligusa tu, kamba ikapasuka kwa mlio wa bunduki na chombo kikaangukia maji kwa pande zake zote mbili. Ncha ya kamba ilipita karibu na sikio lake.

Tulipofika chini hakuna aliyesema neno. Tulitoka, tukafunga mita mia mbili mbele, tukakaa sitahani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na nimeishi naye miaka 34 sijaiona ikitetemeka. Nikamshika. Akasema, "Mama Rukia, mie nilikuangalia wewe badala ya kamba." Nikamwambia nami sikuangalia kamba wala yeye.

Kwa hiyo kanuni mpya, zimeongezwa kwenye karatasi ya jikoni. Kushuka: mzunguko mmoja tu, usiozidi. Mshika kamba hatazami kitu kingine mpaka milango ifunguke. Kabla ya fimbo ya bluu, nahodha anasema "kushuka" au "kupanda" kwa sauti, na mwenzake anajibu neno hilohilo. Kisu kinabaki kiunoni, na kinanolewa kila Jumapili.

Baada ya hapo malango ya kushuka hadi Toul tumeyapita yote, tukisema "kushuka", "kushuka". Hasara: kamba ya mita 15, vikombe vinne, na birika la mama mkwe.

Julai 21, Épinal

Tumesubiri hapa siku nne. Maji ni haba.

Mfereji huu wa Vosges una malango 93 kwenye kilomita 122 hivi: 47 ya kupanda kutoka mto Moselle, kisha 46 ya kushuka kwenda Saône. Juu kabisa, mita 360 kutoka usawa wa bahari, ni kipande cha mfereji cha kilomita 11 ambacho hakuna mto unaokipitia. Kila chombo kinachopanda kinateremsha chumba kizima cha maji, na kila kinachoshuka upande wa pili kinateremsha kingine. Maji hayo lazima yatoke mahali, nayo yanatoka bwawa la Bouzey. Bila mvua, bwawa linapungua, na walinzi wanakataa kupitisha chombo kimoja kimoja. Unasubiri mwenzio mwingie pamoja. Mwenzetu amepatikana jana: mashua ndogo ya wastaafu wa Kijerumani, wanakunja meza yao ya chai kila tunapoanza kusogea.

Bwawa lenyewe lina historia nzito. Aprili 27, 1895 ukuta wake ulipasuka, maji yakashuka bondeni yakaua watu zaidi ya 80. Tumekwenda kuuona ukuta uliojengwa upya. Watoto wanaogelea.

Na mfereji wote huu upo kwa sababu ya mpaka. Ufaransa iliposhindwa vita mwaka 1871, Ujerumani ilitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na njia za maji za mashariki zikabaki upande wa pili. Basi Wafaransa wakachimba njia nyingine ndani ya ardhi iliyobaki, kuanzia 1874 hadi 1882, kutoka mpaka wa Ubelgiji hadi Saône. Kila lango tulilopita tangu Givet, tukiondoa yale machache ya kati, ni la mradi huo. Baba Rukia ni wa Vanga, mie wa Tanga. Mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulipita katikati ya jamaa zetu, na harusi yetu ilihitaji pasipoti. Sisi hatukuchimbiwa mfereji.

Julai 23, kileleni

Golbey: malango 14 yaliyofuatana kama ngazi, kilomita tatu tu. Tumeanza saa mbili asubuhi, tumemaliza saa saba mchana. "Kupanda." "Kupanda." Wajerumani wameanza kuitikia nasi kwa Kiswahili. Mwishoni nilizima injini, na ikawa kimya ambacho sijakisikia tangu Rotterdam. Miti ya misonobari pande zote, maji meusi hayaendi popote.

Chombo kilichoelea usawa wa bahari mwezi Mei kimeelea mita 360 juu, na hakuna aliyekibeba.

Agosti 3, Corre

Kushuka malango 46, kamba haijauma hata mara moja. Bonde hili limesahauliwa na limependeza: viwanda vya chuma vya zamani vilivyofungwa, nyumba za walinzi zenye bustani za nyanya. Karibu na Bains-les-Bains tumelala jirani na kiwanda cha kifalme cha zamani ambako alizaliwa Julie-Victoire Daubié, mwanamke wa kwanza nchini Ufaransa kufaulu baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1861. Alikuwa na miaka 37. Mie cheti changu cha unahodha nilikipata nikiwa na 58.

Hapa Corre mfereji unaisha na Saône inaanza. Mto tena, mpana, wa uvivu, una ng'ombe ndani yake mpaka magotini.

Agosti 17, Saint-Jean-de-Losne

Tumefika saa kumi jioni. Mahandaki mawili ya Saône, Savoyeux na Saint-Albin, tuliyapita bila shida, Gray tulikaa siku tatu kwa sababu ya soko lake na matikiti, Auxonne mvua. Mji huu ni mdogo lakini matishari ni mengi kuliko nyumba, mengine yana maua sitahani kama hayataondoka tena.

Saa za injini: 219. Dizeli karibu lita 660. Malango zaidi ya 200.

Tumepata nafasi ya kuliacha Matarajio hapa hadi machipuko. Kazi za kesho: kubadili oili, kufungua pampu na kutoa feni isilale imekunjwa majira yote ya baridi, kuosha kamba kwa maji baridi na kuzianika. Kununua kamba ya mita 15. Ngama tumeikagua jioni hii, mie nashika tochi. Pale mhimili wa propela unapotokea nje kuna tone moja linaanguka. Tumelihesabu kwa saa: moja kila dakika mbili. Nikauliza kama tulikaze. Baba Rukia akasema liache, hilo ndilo linaloupoza mhimili.